Je, ulimwengu una ukingo, au ni macho yetu yanayofika kikomo?

«Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi umeme, naishi Morogoro. Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika usiku, tukatoka kukaa barazani mimi na binti yangu wa darasa la sita. Akatazama juu akaniuliza, "Baba, mbingu zinaishia wapi?" Nikamjibu kwamba haziishii. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini redioni walisema ulimwengu unapanuka. Kitu kisicho na mwisho kinapanukaje, na kinapanukia wapi?" Nilikosa la kusema. Tangu siku hiyo nasoma kwenye simu na nimezidi kuchanganyikiwa. Mahali pamoja wanasema ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, pengine wanasema upana wake ni miaka ya nuru bilioni 93, na wote wanasema hakuna kinachoishinda nuru kwa kasi. Hesabu hiyo hainiingii. Je, ulimwengu una ukingo? Kama upo, upande wa pili kuna nini? Kama haupo, mbona wanatoa kipimo cha upana? Nakiri pia kwamba nikilifikiria jambo hili usiku moyo unanienda mbio, na usingizi unakata.»

Marahaba, ndugu yangu. Mpe binti yako salamu zangu, kwa sababu swali lake la pili ni zito kuliko la kwanza, na nimefundisha wanafunzi wa chuo kikuu ambao hawakuwahi kuliuliza. Nikikusoma vizuri, umefunga maswali matatu katika furushi moja: kama ulimwengu una ukingo, namna kitu kinavyoweza kupanuka bila kuwa na mahali pa kupanukia, na namna umri wa miaka bilioni 13.8 unavyoweza kupatana na upana wa miaka ya nuru bilioni 93 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huupita kwa mwaka mmoja). Nitayafungua kwa zamu, lakini sitaki usubiri hadi mwisho ili ujue ninakoelekea. Hakuna kipimo chochote kilichowahi kuonyesha ukingo wa ulimwengu. Kilichopo, na ambacho tunakijua kwa hakika, ni upeo. Ile bilioni 93 inapima upeo, haipimi ulimwengu wote, na sehemu kubwa ya mkanganyiko ulioupata kwenye simu yako imetokana na waandishi kuyatumia mambo hayo mawili kana kwamba ni jambo moja.

Kiswahili kimetusaidia hapa, kwa maana kina maneno mawili yaliyo tofauti kabisa. Mtu akisimama ufukweni Bagamoyo akatazama baharini, ataona mstari ambapo maji na mbingu vinakutana, na kwa mtu wa kimo cha kawaida mstari huo uko umbali wa kilomita 5 hivi. Unguja haionekani kutoka hapo, wala hakuna mvuvi anayedhani kwamba bahari imekatika kwenye ule mstari. Baharia akipanda mlingotini, mstari unasogea mbali zaidi. Jahazi likitembea, mstari unatembea nalo. Na jahazi jingine lililotangulia kilomita 20 mbele lina mstari wake lenyewe, nalo liko katikati yake. Huo ndio upeo: ni habari ya mtazamaji na mahali aliposimama. Ukingo ni habari ya kitu chenyewe, kama ukingo wa meza, ambao upo hata kama hakuna anayeutazama. Mtu anayeuliza ulimwengu unaishia wapi mara nyingi anapewa jibu la upeo, naye analipokea kama jibu la ukingo.

(Neno «ulimwengu» nalo lina lawama yake. Katika mazungumzo ya kila siku linamaanisha dunia hii na watu wake, ndiyo maana tunasema walimwengu wana maneno. Ukimwambia mzee wa kijijini kwetu kwamba ulimwengu hauna ukingo, atakujibu kwamba yeye amewahi kufika pwani. Katika jibu hili ninalitumia kwa maana ya vyote vilivyopo: nyota, galaksi (yaani makundi makubwa mno ya nyota), nuru, na nafasi yenyewe iliyomo katikati yao.)

Mfano wa bahari una kasoro moja ambayo ni lazima niitaje. Upeo wa baharini unatokana na umbo la duara la dunia, ilhali upeo wa ulimwengu unatokana na muda. Nuru ina kasi kubwa, yapata kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kasi hiyo ina kikomo. Nuru ya jua inatufikia baada ya dakika 8 na sekunde kadhaa. Zile nyota za Kilimia, ambazo wazee wetu walizitumia kukisia mvua wakisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ziko umbali wa yapata miaka ya nuru 440. Nuru unayoiona leo usiku iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Kila unapotazama mbali zaidi, unatazama zamani zaidi. Kwa kuwa ulimwengu tunaoujua una umri wa miaka bilioni 13.8, kuna nuru iliyosafiri muda wote huo ikatufikia, na kuna nuru nyingine iliyoanza safari kutoka mbali mno, ambayo bado iko njiani. Mpaka kati ya nuru iliyokwisha fika na ile ambayo haijafika ndio upeo wetu.

Hata giza ulilokaa ndani yake na binti yako usiku ule ni ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1823 daktari na mnajimu wa Ujerumani, Heinrich Olbers, alilieleza upya fumbo ambalo wengine walikuwa wameligusa kabla yake: kama nyota zingekuwa hazina idadi, zimetapakaa kila mahali na zimekuwepo milele bila kubadilika, basi popote ambapo ungeelekeza jicho lako, mwishowe lingegota kwenye nyota, na anga lote la usiku lingewaka kama uso wa jua. Anga ni jeusi kwa sababu nyota hazijakuwepo milele, na kwa sababu nuru ya mbali inachoka njiani kadiri nafasi inavyopanuka. Giza hilo halituambii kama ulimwengu una mwisho au hauna. Linatuambia kwamba una umri.

Sasa tuje kwenye hesabu iliyokusumbua. Ulifikiri hivi: kama nuru imesafiri kwa miaka bilioni 13.8, basi kitu cha mbali kabisa tunachoweza kukiona kiko umbali wa miaka ya nuru bilioni 13.8, na upana wa duara lote ni mara mbili yake, yaani bilioni 27.6. Ungekuwa sahihi kabisa kama nafasi ingekuwa imetulia. Chukua utepe mrefu wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ufunge ncha moja kwenye msumari, kisha weka sisimizi kwenye ncha ya pili aanze kutembea kuelekea msumarini. Wakati sisimizi anatembea, wewe unauvuta utepe polepole. Hajabadilisha mwendo wake hata kidogo, lakini kila hatua aliyokwisha kuipiga inarefuka nyuma yake, na kila hatua iliyobaki inarefuka mbele yake. Atakapofika msumarini, ukipima umbali kutoka hapo hadi mahali alipoanzia, utakuta ni mrefu kuliko njia aliyoitembea kwa miguu yake. Mahali alipoanzia hapakukimbia. Mpira ndio ulionyooka.

Nuru ya kale zaidi tunayoweza kuipokea imepitia hali hiyo hiyo, na takwimu zake huwa zinanishangaza hata baada ya miaka mingi ya kuzifundisha. Vitu vilivyoitoa vilikuwa umbali wa yapata miaka ya nuru milioni 42 kutoka mahali ambapo sisi tungekuja kuwepo. Milioni, si bilioni. Lakini nafasi iliyokuwa katikati ilinyooka kwa kasi kiasi kwamba nuru hiyo ilihitaji miaka bilioni 13.8 kuimaliza safari, na ilipofika kwetu vitu vile vilikuwa vimesogezwa hadi umbali wa yapata miaka ya nuru bilioni 46. Zidisha mara mbili, kwa kuwa tunatazama pande zote, na utapata ile bilioni 92 au 93 uliyoisoma. Sheria ya Einstein haijavunjwa, kwa sababu inachokataza ni kitu kuishinda nuru katika kupita ndani ya nafasi. Haijaweka kikomo cha kasi ambayo nafasi yenyewe inaweza kunyooka kwa jumla kati ya vitu viwili vilivyo mbali sana.

Kwamba nafasi inanyooka hatukulikisia tu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi Harvard, alichapisha kanuni ya nyota zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko maalumu, ambayo iliwapa wanajimu kitu kama rula ya kupimia umbali. Kwa rula hiyo mwanajimu Edwin Hubble alionyesha kwamba yale mawingu hafifu ya nuru yaliyojulikana tangu zamani ni galaksi kamili zilizo nje ya galaksi yetu. Kasisi na mwanafizikia wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwaka 1927, na Hubble mwenyewe mwaka 1929, wakaonyesha kwamba kadiri galaksi inavyokuwa mbali ndivyo mawimbi ya nuru yake yanavyokuwa yamenyooshwa zaidi kuelekea wekundu. Kwa vipimo vya sasa, kila unapoongeza umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, kasi ya kuachana inaongezeka kwa yapata kilomita 70 kwa sekunde. Kwa vitu vilivyo karibu mvutano hushinda, kwa hiyo usidhani kwamba nyumba yako au mfumo wetu wa jua unatanuka; galaksi ya Andromeda, jirani yetu mkubwa, inatusogelea kwa yapata kilomita 110 kwa sekunde.

Hapa ndipo swali la binti yako linapokuja na uzito wake: unapanukia wapi? Nadhani neno «Mlipuko Mkuu», jina la nadharia ya mwanzo wa ulimwengu, limetuponza sana. Mwanajimu Fred Hoyle, aliyelibuni jina hilo kwa Kiingereza katika matangazo ya BBC mwaka 1949, hakuikubali nadharia yenyewe, na picha aliyotuachia ni ya bomu lililopasuka mahali fulani gizani, vipande vikaruka kwenda kwenye utupu uliokuwa tayari unasubiri. Kama ingekuwa hivyo, kungekuwa na kitovu, kungekuwa na ukingo ambapo vipande vya mbele kabisa vimefika, na kungekuwa na utupu upande wa pili. Nadharia haisemi hivyo. Inasema kwamba umbali kati ya kila kitu na kila kitu kingine ulianza kukua, kila mahali kwa pamoja. Rudi kwenye utepe wako wa tyubu, tia alama za kalamu kila baada ya sentimita 1, kisha uvute hadi urefu wake uwe mara mbili. Ukisimama kwenye alama yoyote, utaona jirani yako wa kwanza amehama kutoka sentimita 1 hadi 2, na wa tatu amehama kutoka 3 hadi 6. Wa mbali amekwenda kwa kasi zaidi, na kila alama inajiona ndiyo kitovu. Ukiuliza mlipuko ulitokea wapi, jibu la kweli ni kwamba ulitokea hapo Morogoro ulipo, na hapa nilipo, na katika galaksi ya mbali kabisa, kwa maana sehemu zote hizo zilikuwa zimesongamana pamoja.

Utepe wako bila shaka una ncha, nawe utaniambia kwamba unapovutwa unaingia kwenye hewa ya sebuleni. Ni kweli, na hapo mfano unaishiwa nguvu. Basi fikiria utepe usio na ncha, unaoendelea kulia na kushoto bila kikomo, wenye alama zisizohesabika. Uunyooshe mara mbili. Kila umbali umekuwa mara mbili, utepe haukuwa na mwisho kabla na hauna mwisho sasa, na hakuna alama hata moja iliyoingia mahali ambapo hapakuwa na utepe. Ndivyo kitu kisicho na mwisho kinavyopanuka: vilivyomo vinaachana, bila kuhitaji chumba cha nje cha kuvipokea. Mwambie hivyo binti yako, kwa sababu mtoto wa darasa la sita aliyekwisha kujua kwamba namba hazina mwisho ataelewa. Mpe orodha 1, 2, 3, 4 isiyokoma, azidishe kila namba kwa 2, na umuulize kama kuna namba iliyokosa nafasi.

Tufike sasa kwenye kile tunachokiona upeoni, maana watu wengi hudai kwamba hicho ndicho ukingo. Ukitazama mbali zaidi ya nyota zote na galaksi zote, unafika kwenye wakati ambapo ulimwengu ulikuwa na joto la yapata nyuzi 3,000 na atomu zilikuwa bado hazijatulia. Elektroni (chembe ndogo za umeme zilizo katika kila atomu) zilizokuwa huru ziliizuia nuru kupita moja kwa moja, kama ukungu wa asubuhi katika milima ya Uluguru unavyozuia taa za gari. Miaka 380,000 hivi baada ya mwanzo, joto lilipungua, elektroni zikashikana na viini vya atomu, na nuru ikaachiwa. Nuru hiyo bado inatufikia kutoka kila upande, ila imenyooshwa zaidi ya mara 1,000 hadi kuwa mawimbi ya mikrowevu yenye baridi ya nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Arno Penzias na Robert Wilson waliigundua huko New Jersey mwaka 1964, wakati walipokuwa wakitafuta chanzo cha mkwaruzo uliokataa kuondoka kwenye antena yao. Nawe umewahi kuiona: katika zile televisheni za zamani, kabla ya ving'amuzi, ulipoacha chaneli isiyo na kituo ukaona chenga, yapata asilimia 1 ya chenga hizo ilitokana na nuru hiyo kongwe.

Mtu aliyesimama ndani ya ukungu huona umbali ule ule mbele, nyuma, kulia na kushoto, naye hujiona yuko katikati. Akiamini kwamba ukungu ni ukuta, atakuwa amekosea. Huo «ukuta» wa nuru kongwe si mahali ambapo ulimwengu unaishia, ni wakati ambao nuru haiwezi kutuonyesha kilicho nyuma yake, na mwanajimu aliyeko leo kwenye sehemu ile, ikiwa yupo, anatutazama na kuona ukungu ule ule mahali petu.

Baada ya hayo yote, je, ulimwengu wote, pamoja na sehemu iliyo nje ya upeo, una mwisho? Wataalamu wanapima uwezekano wa namna tatu, nami nitakupa uzito wa kila mmoja kama ninavyouona.

Uwezekano wa ukingo wa kweli, yaani mahali ambapo galaksi zinakoma na baada yake ni utupu au ukuta, ndio dhaifu kuliko yote. Mwanafalsafa Archytas, aliyeishi Tarentum zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuliza kama mtu aliyefika ukingoni angeweza kunyoosha mkono wake nje au asingeweza. Akiweza, basi huko nje ni sehemu ya ulimwengu, na asipoweza, basi kuna kitu kinachomzuia. Hoja yake inapendeza, lakini mimi naegemea zaidi kwenye vipimo. Ile nuru kongwe, iliyopimwa na satelaiti COBE iliyorushwa mwaka 1989, kisha WMAP na Planck, inafanana pande zote za anga kwa kiwango cha kushangaza: tofauti za joto ni kama sehemu 1 kati ya 100,000. Galaksi nazo, zikihesabiwa katika maeneo makubwa ya kutosha, zimesambaa kwa usawa upande huu na upande ule. Kama tungekuwa karibu na ukingo, upande mmoja ungetofautiana na mwingine. Nikiri kwa uaminifu kwamba hoja hii haiwezi kufuta ukingo ulioko mbali mno nje ya upeo. Inachosema ni kwamba hakuna dalili yake hata moja, wala hakuna kanuni ya fizikia inayouhitaji.

Uwezekano wa pili ndio unaowashinda watu wengi, na kwa maoni yangu ndio mtamu kuliko yote: kwamba ulimwengu una ukubwa wenye kikomo, lakini hauna ukingo. Tumezoea kudhani kwamba kitu chenye kikomo lazima kiwe na ukingo, na uso wa dunia unatukanusha kila siku. Eneo la uso huo linajulikana kwa kilomita za mraba, lakini mabaharia wa msafara wa Magellan waliorudi Hispania mwaka 1522 walizunguka wote bila kukutana na ukingo. Einstein alipendekeza mwaka 1917 kwamba nafasi yenyewe, yenye urefu, upana na kina, inaweza kujipinda kwa namna hiyo hiyo. Kuna hata namna ya kurudi ulikotoka bila kujipinda kokote. Unaukumbuka mchezo wa nyoka katika simu za Nokia za zamani? Katika matoleo yasiyo na kuta, nyoka alipotokea kulia aliingia kushoto. Kioo cha simu ni bapa kabisa na kina ukubwa mdogo, lakini kwa nyoka yule hakikuwa na ukingo.

Je, mambo haya yanapimika? Yanapimika kwa sehemu. Anza safari Nanyuki, ambako ikweta inapita, nenda moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini, kata kona ya nyuzi 90, shuka hadi ikweta kaskazini mwa Brazil, kisha kata tena kona na ufuate ikweta hadi Nanyuki. Umechora pembetatu yenye pembe tatu za mraba, jumla nyuzi 270, ilhali shuleni ulifundishwa kwamba jumla ni 180. Jumla hiyo ya ziada inakuambia kwamba umetembea juu ya kitu kilichopinda, bila kuhitaji kwenda angani kukitazama kutoka nje. Wanajimu wamefanya kipimo cha namna hiyo kwa ulimwengu. Katika nuru kongwe kuna madoa ya joto na baridi ambayo ukubwa wao halisi unajulikana kutokana na fizikia ya wakati ule. Kama nafasi imepinda, madoa yangeonekana makubwa zaidi au madogo zaidi kuliko inavyotarajiwa. Yanaonekana yakiwa na upana wa yapata nyuzi 1, kama miezi mipevu miwili iliyowekwa sambamba, na ndivyo inavyopaswa kuwa ikiwa nafasi haijapinda. Kwa vipimo vya Planck vikiunganishwa na vya galaksi, mpindo huo, kama upo, haufikii asilimia 1. Wengine wametafuta katika nuru hiyo miduara miwili inayofanana pande mbili za anga, ambayo ingekuwa alama ya ulimwengu wa aina ya mchezo wa nyoka, na hawakuipata.

Matokeo hayo hayathibitishi uwezekano wa tatu, yaani ulimwengu usio na kikomo kabisa, ingawa yanapatana nao vizuri. Mtu anayesimama kwenye uwanja wa mpira hawezi kupima mpindo wa dunia kwa rula. Vivyo hivyo, ulimwengu uliojipinda lakini ulio mkubwa mno kuliko upeo wetu ungeonekana bapa machoni petu. Kwa hiyo, kati ya kikomo bila ukingo na kutokuwa na kikomo, mtaalamu mwaminifu atakuambia kwamba vipimo havijaamua. Huenda visiamue kamwe, kwa maana mwaka 1998 iligunduliwa kwamba upanukaji unaongezeka kasi, jambo lililowapa Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kwa sababu hiyo, galaksi iliyoko leo mbali zaidi ya yapata miaka ya nuru bilioni 16 inatoa nuru ambayo haitatufikia hata tukingoja milele, ingawa bado tunaona nuru yake ya zamani. Jibu ulilompa binti yako barazani, kwamba mbingu haziishii, linaweza kuwa sahihi. Ungeongeza tu kwamba hatujui kama kuna jumla ya vyote, ila hatujaona pa kugotea.

Umeniambia kwamba moyo unakwenda mbio na usingizi unakatika. Usione aibu. Wengi wetu tunaofanya kazi hii tuliwahi kukamatwa na hofu hiyo, mimi nikiwa kidato cha tatu, na kwa kawaida hupungua mtu anapoacha kulifikiria jambo peke yake saa nane za usiku na badala yake akalijadili mchana na mtu mwingine. Simu iweke mbali saa moja kabla ya kulala, na maswali yaandike kwenye daftari. Lakini mapigo hayo ya moyo yakiendelea kwa zaidi ya wiki mbili, yakikujia hata usipofikiria mambo ya anga, au uchovu ukianza kukuandama kazini, nenda kituo cha afya umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Fundi umeme asiyelala yuko hatarini kila anapopanda nguzo. Na kwa upande wa elimu, usibaki na simu peke yake: mwalimu wa fizikia wa sekondari iliyo karibu nawe, au idara ya fizikia ya chuo kikuu, watakupokea, na mchoro mmoja ubaoni utakusaidia kuliko kurasa kumi za maandishi yangu.

Kuna jambo moja mnaloweza kulifanya bila darubini. Mwezi Novemba, katika usiku usio na mbalamwezi, kati ya saa tatu na saa nne, nendeni mahali penye giza mbali na taa za mji na mtazame kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Mkiyapa macho dakika 20 kuzoea giza, mtaona doa hafifu lenye urefu, kama pamba iliyochambuliwa. Hiyo ndiyo Andromeda, na nuru itakayoingia machoni mwenu iliondoka huko yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Usimwache binti yako atazame doa lenyewe moja kwa moja. Mwelekeze atazame pembeni kidogo, kwa sababu kando ya jicho huona mwanga hafifu vizuri kuliko katikati yake.